Wataalamu wa mazingira wanakuja shuleni siku moja wanapotea, tufanyeje ushirikiano udumu?

Mwl_Mwambao

Wakuu habari za jioni, wakubwa wote shikamooni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kigoma vijijini, mwambao wa kaskazini njia ya kuelekea Gombe. Ukisimama mlango wa darasa unaliona ziwa Tanganyika, ukigeuka nyuma ni milima ambayo wazee wanasema ilikuwa msitu mtupu, sasa hivi ni mihogo na makorongo. Mimi ndo mlezi wa klabu ya mazingira, mwaka wa nne huu.

Naomba ushauri kwa jambo linaloniumiza. Kila mwaka ikikaribia tarehe 5 Juni, siku ya mazingira duniani, simu zinaanza kuita, mwalimu mkuu ananiambia andaa watoto kuna wageni. Wanakuja na gari, wanagawa tisheti, kuna hotuba, kuna ngonjera, tunapanda miti, tunapiga picha, wanaondoka. Mwaka jana walileta miche 200. Watoto walichimba mashimo siku mbili nzima kwenye ardhi ya kiangazi, jembe likigonga linarudi. Wiki ile ile tukafunga likizo. Narudi Julai nakuta mbuzi wameshapita, na iliyobaki imekauka imesimama, mingine nikiing'oa natoka na kiriba chake kizima maana ilifukiwa hivyo hivyo bila kuvuliwa plastiki. Tulihesabu mimi na watoto, mizima ilikuwa 11. Mtoto mmoja wa darasa la tano akaniuliza, mwalimu na mwaka huu tutapanda kwenye mashimo yale yale? Sikuwa na jibu.

Naomba nieleweke, hao watu siwachukii hata kidogo. Kuna dada mmoja alikaa na watoto kama dakika 20 hivi chini ya mwembe akawaeleza kuhusu sokwe, anavyotengeneza kiota kipya kila jioni juu ya mti, anavyochomeka kijiti kwenye kichuguu kula mchwa, mpaka leo watoto wanaigiza kile kijiti. Dakika 20 tu! Mimi darasani sijawahi kupata utulivu ule. Nataka yule dada arudi, na arudi tena, na mimi nijue cha kufanya kabla hajaja na baada ya kuondoka. Sasa naanzia wapi, barua naandika kwenda kwa nani, na je lazima awe mtu wa shirika au hata mtu wa hapa hapa kijijini anafaa? Na vipindi navitoa wapi maana ratiba imejaa.

---

MamaKitalu

Mwalimu pole sana na hongera kwa moyo, wengi wangeshaacha. Mimi niko upande wa pili, nimefanya kazi ya kutembelea shule za huku Kigoma kufundisha mazingira zaidi ya miaka tisa kwenye miradi tofauti, kwa hiyo acha nikwambie ukweli wa upande wetu maana walimu wengi hawaujui.

Sisi tunakuja tarehe 5 Juni kwa sababu ndo siku yenye bajeti. Mafuta ya gari yanapitishwa, mgeni rasmi anapatikana, ripoti inataka idadi ya miche iliyopandwa na picha. Hakuna mahali kwenye ile ripoti panapouliza mingapi ipo hai Disemba. Nimejaza hizo fomu kwa mkono wangu na nilikuwa najua, inaniuma mpaka leo.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza kama Oktoba mwishoni au Novemba inaenda mpaka Aprili, Mei inakatika. Kupanda mti Juni Kigoma ni kumzika. Nairobi huko au sehemu zenye mvua mbili wana hesabu zao, sisi tuna yetu. Lakini Juni ni mwezi mzuri sana kwa kitu kingine, KITALU. Mbegu ukiitia kwenye kiriba Juni, ukaitunza Julai mpaka Oktoba, Novemba mche umefika goti na mvua inakupokea. Kwa hiyo ile siku msiifute, ibadilisheni kazi. Wageni waje tarehe 5 wakute watoto wanajaza udongo kwenye viriba, mgeni rasmi naye ajaze cha kwake, picha atapata ile ile. Novemba waje tena kupanda. Hapo tayari umewapata mara mbili kwa mwaka bila kuwaomba kitu cha ajabu. Ila uliza mapema nani anamwagilia ile likizo ya mwezi wa sita, maana mche mdogo haujui likizo.

Kuhusu barua: inakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, ipitie kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata, nakala kwa afisa elimu msingi. Inaonekana ndefu lakini faida yake utaiona siku mwalimu mkuu akihamishwa. Mimi nimepoteza shule tatu nzuri kwa sababu makubaliano yalikuwa ya mdomo kati yangu na mwalimu mkuu, akahama, aliyekuja hanijui, nikawa mgeni upya. Pitisha kamati ya shule, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Wazazi wakishasema ndiyo kwenye kikao ni vigumu mtu kuja kufuta.

Kingine, na hiki ndo naona kikubwa kuliko vyote: niite Desemba au Januari mwanzoni wakati unaandika AZIMIO LA KAZI, ule mpango wa mada za kufundisha mwaka mzima. Usiniite Mei. Ukinionyesha kwamba wiki ya tatu ya Februari darasa la tano wanasoma mimea kwenye Sayansi na darasa la nne wanasoma hali ya hewa kwenye Jiografia na Mazingira, mimi nachagua wiki zangu humo humo na vipindi hutavitafuta maana vipo. Ninakuja kufundisha kile ambacho wewe ungefundisha siku hiyo hiyo, ila nje na kwa vitu vya kushika. Sisi tukija na mada zetu za mfukoni ndo tunakula muda wenu na mwalimu wa taaluma ananuna, ana haki.

Dada wa sokwe mtafute. Kama anatoka Gombe hifadhini, uliza kitengo cha ujirani mwema, kazi yao ni hiyo hiyo ya vijiji vinavyopakana na hifadhi.

---

Mwl_Asali_Sikonge

Naingia kutokea Tabora, wilaya ya Sikonge. Mwalimu umeuliza kama mtu wa kijijini anafaa, mimi nakwambia mtu wa kijijini ndo wa KWANZA, wa gari waje baadaye.

Huku kwetu misitu ya miombo inakwisha kwa mkaa, kwa mashamba, na kwa kukaushia tumbaku, yale mabani ya kukaushia yanakula kuni balaa na mkulima mwenyewe anajua ila ndo ada ya shule na chakula cha nyumbani. Sasa ukimleta mtu wa mjini aje awaambie watoto wa wakulima wa tumbaku kwamba kukata miti ni dhambi, mtoto anarudi nyumbani anamwangalia baba yake kama mhalifu. Nimeliona hilo, baba mmoja alikuja shuleni amekasirika kweli na nilimuelewa.

Mimi nilichofanya nilimfuata mzee mmoja mfuga nyuki jirani ya shule. Hajui kusoma vizuri lakini anajua myombo unachanua lini, mtundu unachanua lini, anaona maua Septemba kabla ya mvua anakwambia mwaka huu asali itakuwaje. Mara ya kwanza alikataa, akasema mimi sio mwalimu nitawaambia nini watoto. Nikamwambia mzee huna haja ya kuhutubia, tuchukue tu sisi unapokwenda. Tukaenda na watoto 15 wa klabu, kwa ruhusa ya maandishi ya wazazi, na niliuliza kila mzazi kama mtoto wake akiumwa na nyuki huwa anavimba sana, wawili nikawaacha. Watoto walikaa mbali, mzee na mwanae wakaenda na moshi.

Alipoturudia alikuwa na mzinga wa gome la mti, wa zamani, akauweka chini akawauliza watoto, huu umetoka wapi. Wakasema kwenye mti. Akawapeleka mpaka kwenye mti wenyewe, umesimama umekufa, umechunwa gome mduara mzima. Akasema huu niliua mimi nikiwa kijana, nilitaka mzinga mmoja nikapoteza maua ya miaka yote. Kimya. Hakuna aliyewaambia wasikate miti, lakini nawaambieni wale watoto waliushika ule mti mmoja mmoja kabla ya kuondoka. Sasa hivi tuna mizinga minne ya mbao ya shule, ipo porini mbali na madarasa, mzee ndo msimamizi, na bwana nyuki wa wilaya anakuja mara mbili kwa mwaka kwa sababu kuna kitu cha kuja kukagua. Huyo mtaalamu wa serikali tulikuwa tunamuomba aje kutoa elimu miaka miwili haji, siku aliposikia kuna mizinga alikuja mwenyewe na pikipiki yake.

Mzee tunampa nini? Hatumpi posho, shule haina. Tunampa asali sehemu yake kwa makubaliano yaliyoandikwa na kamati, na siku ya mahafali anakaa meza kuu. Na watoto wanamwita mwalimu. Hilo la mwisho nadhani ndo lilimshika.

---

Mvuvi_Kibirizi

Walimu nawasalimu. Mimi sikusoma sana, nipo kwenye BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi kwenye mwalo wetu, pale mitumbwi inapotia nanga, na nina watoto watatu shule ya msingi. Naomba niseme la ziwa maana kila siku miti miti.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, nchi zote nne zinazolizunguka zilikubaliana, sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Ilikuwa ngumu jamani, mimi mkono wangu ni ziwa, sina shamba. Mtoto wangu akaniuliza baba kwanini huendi, nikamwambia serikali imekataza. Basi. Hilo ndo jibu nililokuwa nalo. Baadaye kwenye kikao cha mwalo bwana samaki alitueleza vizuri na pale ndo nikaelewa kwamba dagaa wanahitaji kupumzika wazaane, na kwamba maji ya juu yakizidi kupata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na chini huko ndo kuna mbolea ya ziwa, ule upepo wa kusini wa kiangazi ndo unaopandisha. Sisi upepo ule tunauogopa kumbe ndo unalisha samaki! Nilikaa nikafikiri, hili mwanangu angeambiwa shuleni kabla ziwa halijafungwa, angekuja kunieleza mimi, na hasira nyumbani zingekuwa pungufu.

Kwa hiyo mwalimu, mwalo wako upo hatua ngapi kutoka darasani? Njoo na watoto asubuhi mitumbwi inaporudi. Sio siku za mbalamwezi maana hatuendi, dagaa wanafuata taa gizani na mwezi ukiwaka taa haina kazi, hilo lenyewe ni somo. Waone dagaa wanaanikwa, waone wa kwenye kichanja na wa kwenye mchanga tofauti yake, waulize mama mwenye kichanja kwanini bei yake iko juu. Waone wavu wa matundu madogo tuliokamata. Mimi nipo tayari na wenzangu wawili nina hakika watakubali, hatutaki posho, tunataka tu barua ya shule ili mwenyekiti wa mwalo asiseme tumejiamulia.

---

MzaziUjiji

Samahanini nitasema tofauti kidogo. Mimi ni mzazi, na hizi klabu za mazingira nimeziona kwa mwanangu. Alikuwa anatoka nyumbani na kidumu cha lita tano cha maji kila siku kwa ajili ya miti ya shule, sisi maji tunanunua. Siku asiyokuwa nacho anaadhibiwa. Mtoto akaichukia miti, alikuwa ananiambia mama bora ife. Sasa walimu mnapozungumza ushirikiano, sisi wazazi tupo upande gani, wa kubeba maji tu? Sipingi, naomba tu mliangalie hilo.

---

Mwl_Mwambao

Mama umenigusa kweli na nashukuru umelisema wazi. Kwetu hatuadhibu kwa hilo lakini vidumu tuliwahi kuwabebesha, siwezi kukataa. Naliondoa. Mama Kitalu akisema kupanda Novemba basi mvua ndo itamwagilia, kitalu peke yake hakitakula maji mengi na tunaweza kutumia ya kunawia mikono. Na ile likizo ya Juni mimi nakaa nyumba ya shule, nitamwagilia mwenyewe.

Mzee wa Kibirizi, nilikuwa sijawaza kabisa mwalo. Toka darasa la tano mpaka majini ni dakika saba, nimetembea leo kuhakikisha. Miaka minne nasubiri gari litoke mjini.

---

MamaKitalu

Dada mzazi asante, hilo la adhabu ndo linaua kila kitu, nimeona shule mti unatumika kama kiboko.

Niongeze moja kwa mwalimu. Watu huku wanaufahamu mradi wa TACARE wa taasisi ya Jane Goodall, ulianza 1994 vijiji vinavyozunguka Gombe. Mama Jane mwenyewe alifika Gombe 1960 kwa ajili ya sokwe, na hizi klabu za mazingira za Roots & Shoots zilianza 1991 Dar es Salaam na wanafunzi 12 tu. Lakini TACARE ilianza na vitalu vya miti, halafu ikabidi iingie kwenye maji, afya, mikopo ya akina mama, kwa sababu wanakijiji walikuwa na shida zao na mti peke yake haukuwa jibu. Mimi najifunza hapo kila siku. Usimuulize mtaalamu ana mada gani ya kutupa. Mwambie shule yetu ina shida hii, wewe unaweza kusaidia wapi. Shida yako ni nini hasa mwalimu, ukiacha miti iliyokufa?

---

Mwl_Mwambao

Korongo. Kuna korongo linatoka mlimani linapita nyuma ya vyoo vya shule, kila masika linasogea. Mwaka huu limefika hatua nne kutoka ukuta wa choo cha wasichana. Mvua ikinyesha usiku asubuhi ziwa pale chini lina rangi ya chai ya maziwa, mkanda mrefu unaingia majini.

---

MamaKitalu

Basi mwalimu umeshapata kazi ya mwaka mzima na wote humu ndani wanaingia. Anza na kigingi. Watoto wapige vigingi kutoka ukutani mpaka ukingo, wapime kwa futi kamba kila Jumatatu, waandike. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu, geuza mdomo uwe faneli, bandika rula, hicho ni kipimo cha mvua, kisomwe saa tatu asubuhi kila siku na mwanafunzi wa zamu. Daftari moja gumu, la shule sio la mwalimu. Baada ya mvua kumi watakuonyesha wenyewe ni mvua ya kiasi gani inasogeza ukingo. Hapo ukimwita bwana misitu au bwana shamba aje, haji kuhutubia, anakuta namba na watoto wanamuuliza maswali, na mtaalamu yeyote anayependa kazi yake hawezi kukaa mbali na daftari kama hilo. Mimi mwenyewe nakuja, nitajilipia pikipiki.

---

Mvuvi_Kibirizi

Na huo mkanda wa chai ya maziwa sisi tunaujua, ukifunika mawe ya pwani samaki wadogo wa kwenye mawe wanapotea pale. Watoto wakija mwaloni nitawaonyesha mahali ulipokuwa unaishia zamani na unapoishia sasa. Mzee wetu mmoja anaweza kuonyesha kwa kidole.

---

Mwl_Mwambao

Wakuu narudi na majibu, ni wiki ya sita sasa. Barua mwalimu mkuu amesaini, afisa elimu kata amepitisha, ya halmashauri bado. Kamati ya shule ilikaa Jumamosi, nilipeleka lile la vidumu kama ajenda, wazazi walishangilia kweli kweli, halafu baba mmoja mwenye shamba juu ya korongo akasimama akasema hata mimi udongo wangu ndo unaokwenda, niambieni nipande nini pembeni. Sikutegemea, huyo huwa haji vikaoni kabisa.

Mwaloni tulikwenda Alhamisi na darasa la tano. Mzee wa Kibirizi ahsante sana kwa wenzako. Yule mtoto aliyeniuliza habari ya mashimo ndo tumemkabidhi daftari, ameandika "korongo hatua 4 na futi moja, mvua hakuna, dagaa sado bei imepanda kwa sababu ya mwezi". Ya dagaa hakuna aliyemwambia aandike.

Dada wa sokwe nimempata, anakuja Januari tukiandika azimio. Sasa Mama Kitalu nina swali, huyo baba wa shamba la juu anataka mti usiomnyima mihogo yake, wazee wamenitajia mtalawanda. Mbegu zake tunazitoa wapi, au tununue?

---

MamaKitalu

Msinunue. Angalieni mtalawanda wowote mkubwa hapo kijijini, una maganda marefu membamba yananing'inia. Yakianza kugeuka kahawia chumeni kabla hayajapasuka, maana mbegu zina mabawa, siku moja ya upepo zote zimekwenda. Yatandazeni juani kwenye gunia, yatafunguka yenyewe, ila gunia liwe mahali palipokingwa na upepo wa ziwa. Mwambie yule mtoto wa daftari aandike tarehe mliyochuma na mti uko kwa nani.